Kutoka Tezo mpaka Sii ya Ruba: Historia ya Kukata Mbao Kwetu Katanga

Tukisema "desturi za wazee", wengi wetu tunawaza mara moja ngoma, mahari, matanga na majina ya ukoo. Ni haki. Lakini iko desturi nyingine isiyo na wimbo wala vazi, nayo inapita kutoka mkono mpaka mkono mu parseli za Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi. Ni ile elimu ya kuiweka mashini ya kukatia mbao mpaka itii. Mashini yenyewe tunaiita sii ya ruba; ndugu zetu wa pwani wanasema msumeno wa mkanda. Ni lama moja ndefu ya chuma, nyembamba kama utepe, imeungwa ncha kwa ncha, inazunguka juu ya magurudumu mawili, moja juu na moja chini, na katikati inapita mu meza. Fundi anasukuma mbao, lama inateremka na kukata. Kuieleza ni maneno matatu. Kuiweka sawasawa, hiyo njo kazi, na ukifuata namna hiyo kazi ilivyotufikia, unakutana na historia ya Katanga karibu nzima.

Mababu zetu hawakuwa na msumeno. Walikuwa na shoka, tezo, kabari na kisu. Chuma chenyewe hakikuwa kigeni: machimbo ya wasomi kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyoanza mwaka wa 1957, yalifunua makaburi ya watu waliojua kufua chuma na shaba tangu zaidi ya miaka 1,000. Kigeni kilikuwa meno. Fundi wa Kiluba aliyechonga kiti cha mfalme, au lukasa, ule ubao mdogo wa shanga ambao watu wa chama cha Mbudye waliusoma kwa vidole ili kukumbuka mambo ya ufalme, alianza na kipande cha mti kizima na kuondoa kila kisichotakiwa. Tezo inafuata umbo. Inapanda, inashuka, inazunguka bega la sanamu. Lakini kwa kupata ubao mmoja mwembamba na ulionyooka, lazima kuugeuza nusu ya mti kuwa vibanzi. Ndiyo sababu vitu vya zamani karibu vyote ni vya kipande kimoja: mtumbwi, kinu, ngoma, kiti. Hakuna kuunga mbao kwa mbao.

Kuna watu wanaosema huo ulikuwa upungufu. Mimi naona wanasema haraka. Msumeno wa kawaida unajua kwenda mbele tu, ukiupindisha unakwama. Tezo inajua kupinda. Na tutaona kwamba sii ya ruba, pamoja na moteri yake na kelele yake, iko karibu na tezo kuliko na msumeno.

Msumeno ulitufikia kwa njia mbili: kutoka mashariki pamoja na misafara ya Waungwana, na kutoka misioni. Mpala, ngome iliyojengwa mwaka wa 1883 na Émile Storms kando ya Tanganyika, ilipita mikononi mwa Mapadri Weupe mwaka wa 1885. Baudouinville, ni kusema Kirungu ya leo, ilianzishwa mwaka wa 1893. Kanisa linataka paa, paa linataka mbao ndefu, na mbao ndefu hazichongwi kwa tezo. Mahali pote palipojengwa namna hiyo kabla ya mashini, kazi ilikuwa moja: gogo linapandishwa juu ya chanja, au linawekwa juu ya shimo, mtu mmoja anasimama juu, mwingine chini, na msumeno mrefu unapanda na kushuka kati yao. Wa juu analinda mstari, wa chini anakula vumbi. Watu wanaopasua mbao namna hii wako mpaka leo mu misitu yetu, ijapokuwa tronsoneze imewanyanganya sehemu kubwa ya kazi. Na tukumbuke: wale wapasuaji wawili walikuwa wanaweka chombo chao kila asubuhi. Walinoa meno kwa tupa, wakayapindisha moja kushoto, moja kuume, ili mkato uwe mpana kuliko chuma na msumeno usibanwe. Adabu ya kuweka kabla ya kukata ilianza pale.

Kwa upande wa Ulaya, wazo la lama isiyo na mwisho lilikuwa limezaliwa zamani. Mwingereza William Newberry aliliandikisha mwaka wa 1808. Kwa karatasi kila kitu kilikuwa kizuri. Kwa mashini, lama ilikatika. Fikiri: utepe wa chuma unapindwa juu ya gurudumu, unanyooshwa, unapindwa tena, mara nyingi kila dakika, na mahali dhaifu ni pale ncha mbili zilipoungwa. Wazo likalala karibu miaka 40, kwa sababu ya kiungo tu. Mwaka wa 1846 Mfaransa mmoja, mwanamke, Mademoiselle Crépin, aliandikisha namna ya kuunga ncha hizo kwa moto. Haki yake ikanunuliwa na nyumba ya Périn ya Paris, ambayo ilitafuta pia chuma bora na namna bora ya kukikausha. Kutoka hapo sii ya ruba ikatembea dunia nzima. Napenda wasomaji wetu wa kike walishike jina hilo, maana mu atelye zetu nyingi bado wanasema mashini ni mambo ya wanaume.

Kwetu mashini kubwa zilikuja na reli. Reli ya kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka wa 1910, na mwaka uliofuata tanuru ya Lubumbashi ikaanza kuyeyusha shaba. Mwaka huohuo wa 1911 Wasalesiani wakafika mjini, na masomo ya ufundi yakaanza pamoja nao: mbao, chuma, ushonaji. Kizazi kizima cha mafundi wa Katanga kilishika rabo na ekeri kwa mara ya kwanza mu shule za namna hiyo. Halafu kulikuwa na Union Minière. Watu wanafikiri kampani ya shaba haina haja na mbao. Ina haja sana. Ku Panda, mu Likasi, kwenye atelye kuu za kampani, kulikuwa na fonderi, na fonderi haiwezi kumwaga chuma bila mfano wa mbao. Ukitaka gurudumu la chuma, kwanza mtu wa mbao anatengeneza gurudumu lilelile kwa mti, kamili, lenye mapindo yake yote. Mfano unakandamizwa mu mchanga, unatolewa, chuma kinaingia mu nafasi yake. Kosa la milimita 2 kwa mbao ni kosa la milimita 2 kwa chuma. Na chombo cha kwanza cha mtengeneza mifano, mu dunia nzima, ni sii ya ruba, kwa sababu ndiyo inayokata mapindo.

Hapo njo elimu ya kuweka mashini ilipata ukali wake. Tangu karibu na 1928, kampani ilipoanza siasa ya kutuliza wafanyakazi na jamaa zao mu kambi, ilihitaji Waafrika waliofundishwa kazi kwa miaka mingi, siyo wa kuja na kurudi. Baba alileta mtoto. Mtoto alianza kwa kufagia vumbi, kisha kushika mbao kwa upande wa kutokea, kisha kupaka mafuta, na siku moja aliambiwa: "Weka lama." Haikuwa ruhusa ndogo.

Mambo yaliyofuata tunayajua. Mwaka wa 1967 Union Minière ikawa mali ya serikali, na kampani ikaitwa baadaye Gécamines. Novemba 1973 ikaja zairianisation, na biashara nyingi za wageni, pamoja na atelye, zikapewa watu ambao wengine hawakuwahi kushika hata turnevisi. Mwaka wa 1991 ikaja pillage. Mashini zikavunjwa ili kuuzwa kama vyuma. Kisha, mu 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines wakaondoka kazini kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, kila mmoja na kiasi chake cha pesa. Hiyo "hiari" tuiachie wanasiasa. Kinachotuhusu hapa ni kwamba kati ya watu hao walikuwamo watu wa mbao, na elimu yao, iliyokuwa mali ya kampani, ikatoka mu geti pamoja nao na kuingia mu parseli.

Lakini mashini haikutoka. Basi wakaitengeneza. Ukipita leo mu mitaa yetu utaona sii za ruba ambazo hakuna fabriki iliyozifanya: kiunzi cha vyuma vya pembe au cha mbao nzito, volani za kontreplake iliyogundishwa tabaka juu ya tabaka au rimu za gari, mpira wa shambrea umevutwa juu yake, moteri imetolewa mu mashini iliyokufa. Wageni wanazicheka. Wanaojua hawacheki, kwa sababu mashini iliyowekwa vizuri mu parseli inakata vizuri kuliko mashini ya fabriki iliyoachwa ovyo. Ninayoandika sasa ni ile njia ya kuweka jinsi inavyofundishwa kwa mdomo, na sababu za kila hatua, maana mara nyingi vijana wanapokea hatua bila sababu, kisha wanaruka hatua.

Kwanza kuran. Anayeweka lama anatosha fishi ukutani, hategemei kibonyezo tu. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ya delestaji. Kuran inaondoka katikati ya mkato, fundi anaacha mbao mu lama, anaenda kukaa kivulini. Baada ya saa moja kuran inarudi bila kubisha hodi, na mashini inaanza yenyewe. Kuna vidole vilivyokwenda namna hiyo. Mazungumzo haya utayasikia ku kila atelye yenye mkubwa anayestahili jina hilo:

"Papa, moto imeenda."

"Umezima?"

"Njo nasema, Papa, imeenda yenyewe."

"Mwana, moto ikienda yenyewe, inarudia yenyewe. Zima."

Pili volani. Kabla ya lama yoyote, magurudumu mawili yanapaswa kuzunguka bila kutikisika juu ya rulema zake, na yawe mu uso mmoja, ni kusema ukiweka ubao mrefu ulionyooka ubavuni mwao, unagusa rimu ya juu mahali pawili na ya chini mahali pawili. Zisipokuwa mu uso mmoja, lama inavutwa huku na kule kama mtoto wa wazazi wanaogombana. Dawa ni kuweka rondele nyuma ya volani moja. Lakini angalia: pima wakati lama imekazwa, siyo ikiwa imelegea, kwa sababu kiunzi cha mbao kinajipinda kidogo kikivutwa, na kilichokuwa sawa bila mzigo hakiko sawa chini ya mzigo.

Kwa volani za kutengeneza mwenyewe kuna mambo mawili zaidi. Uzito: zungusha kwa mkono, acha isimame, weka alama chini, fanya tena. Ikiwa alama inarudi chini kila mara, upande ule ni mzito, na mashini itatetemeka mpaka kikombe cha chai kiruke mezani; toboa upande ule au ongeza uzito upande wa pili. Na mgongo: uso wa volani usiwe bapa kabisa, katikati uinuke kama milimita 1, maana mkanda unapenda kupanda mahali pa juu na kukaa hapo. Fundi mwenye akili anaacha moteri izungushe volani ya chini, halafu anaegemeza patasi juu ya kitu imara na kuichonga volani mu ekseli yake yenyewe. Ikitoka hapo ni duara ya kweli. Na vumbi lenye utomvu likigandamana juu ya mpira, lifutwe. Tuta dogo la utomvu linatosha kuipigisha lama mruko.

Tatu mwendo. Kwa mbao lama inataka karibu mita 15 kwa sekunde. Hesabu siyo ngumu, na inasikitisha kuona vijana waliomaliza sekondari wakibahatisha. Moteri nyingi zinazunguka karibu mara 1,450 kwa dakika. Weka puli ya sentimita 8 ku moteri na puli ya sentimita 20 ku volani: volani inazunguka mara 580. Kama volani ina upana wa sentimita 50, mzingo wake ni mita 1.57, mara 580 ni mita 910 kwa dakika, ni kusema mita 15 kwa sekunde. Ukifunga puli ya moteri moja kwa moja ku volani bila kupunguza, unatengeneza bunduki.

Sasa lama. Meno yanatazama chini na yanamtazama fundi. Methali inasema msumeno hukata mbele na nyuma. Sii ya ruba inaikana hiyo methali, inakata paka kwenda chini, na hiyo njo faida yake, kwa sababu kila jino linaibana mbao juu ya meza badala ya kuitupa. Unene wa lama unafuata ukubwa wa volani: wazee wanasema sehemu 1 kwa 1,000. Volani ya sentimita 50, lama ya nusu milimita. Ukiweka lama nene juu ya volani ndogo, itapindwa kupita nguvu yake na kukatika kabla ya kuwa butu, halafu utamlaumu aliyekuuzia. Upana wake unafuata pindo unalotaka: lama ya milimita 6 inazunguka duara ya nusu-upana wa sentimita 1 na nusu hivi, ya milimita 12 inataka karibu sentimita 6. Kwa kupasua ubao mnene kuwa mbili, chukua pana yenye meno makubwa, matatu hivi kwa inchi, ili vumbi lipate mahali pa kukaa mpaka litoke chini. Kwa ubao mwembamba, hesabu angalau meno matatu ndani ya mbao kwa wakati mmoja. Yakipungua, jino moja linanasa na kuvunjika.

Kuvalisha lama kunataka mpangilio, na hapa ndipo wengi wanakosea. Kabla ya yote, rudisha gidi zote nyuma, za juu na za chini, zisiiguse lama kabisa. Gidi ni wachungaji. Ukiweka wachungaji kabla ya kundi kujua njia, watalisukuma vibaya. Valisha lama, inua volani ya juu mpaka ikaze kidogo, kisha zungusha kwa mkono, polepole, huku unainamisha volani ya juu mbele au nyuma kwa skrubu yake, mpaka lama ikae katikati na isiondoke. Kaza zaidi, zungusha tena, sahihisha tena. Ukibadilisha mkazo, njia nayo inabadilika kidogo. Mkono peke yake mpaka hapo. Kuran baadaye, na milango ikiwa imefungwa.

Mkazo unajulikanaje? Mashini za fabriki zina mizani yake, lakini hata ile inadanganya springi ikizeeka. Acha sentimita 15 za lama wazi kati ya gidi na meza, sukuma ubavu wake kwa kidole: ikienda kama milimita 6, ni karibu. Wengine wanaipiga kwa ukucha na kusikiliza. Lama iliyolegea inatoa sauti ya kamba ya viatu, iliyokazwa inaimba kama waya wa gitaa. Mtu aliyefanya kazi miaka 20 atasema "bado" bila kuangalia, na atakuwa na haki. Ikiwa imelegea, mkato ndani ya ubao mnene unakuwa tumbo kama pipa, maana lama inajipinda mahali ambapo macho hayafiki.

Baada ya hapo wachungaji wanaitwa. Gidi za ubavuni zinakaribia lama mpaka nafasi ya unene wa karatasi ya daftari ibaki, kila upande, na zikae nyuma ya meno. Zikigusa meno, zinayanyoosha, na lama mpya inakufa kwa dakika moja. Rulema ya nyuma, inayopokea msukumo wa mbao, inabaki mbali kidogo, kama unene wa kadi. Lama ikitembea bila mbao, rulema hiyo isizunguke. Mbao ikisukumwa, izunguke. Ikizunguka wakati wote, mgongo wa lama unajichimbia mtaro na kupasuka kutoka nyuma. Fanya vilevile chini ya meza. Gidi za chini hazionekani, kwa hiyo zinasahauliwa, na ukikuta mashini inakata vibaya bila sababu, inama uangalie kule.

Meza inapimwa kwa ekeri, lakini usiishie hapo. Chukua kipande cha mbao, kata kidogo mu ubavu wake, simamisha mashini, kisha kigeuze juu chini na ukipeleke nyuma ya lama. Mgongo wa lama ukiingia ndani ya mkato ule bila kugusa, meza iko mraba na lama. Ukigusa, tofauti unayoiona ni mara mbili ya kosa lenyewe, na hii inasaidia macho ya wazee.

Inabaki jambo ambalo vijana wanaliita uchawi: lama inakataa kwenda sawasawa na kiongozi cha pembeni. Siyo uchawi. Kila lama ina mwelekeo wake, kwa sababu meno ya upande mmoja hayalingani kabisa na ya upande mwingine. Basi usipigane nayo, iulize. Piga mstari juu ya ubao wa majaribio, sambamba na ubavu wake, kata kwa mikono bila kiongozi ukifuata mstari mpaka katikati, simama, usiondoe ubao, na chora ku meza ubavu wa ubao unapopita. Huo ndio mwelekeo wa lama ya leo. Kiongozi kifuate huo. Ikiwa jana ilikwenda sawa na leo inakwenda kushoto, tafuta meno yaliyogusa msumari, yamekuwa butu upande wa pili.

Niseme kidogo juu ya miti, kwa sababu vitabu vya Ulaya vinazungumza juu ya miti ya Ulaya. Mulombwa unakatika kwa heshima, lama inaingia na vumbi linatoka vizuri. Mupapa ni mgumu, unataka subira na meno makali. Ukisukuma kwa kifua lama inarudi nyuma na kupiga rulema. Ekaliptusi iliyokatwa karibuni ina maji na inajifunga nyuma ya lama, basi meno yapindishwe zaidi na kabari ndogo iwe tayari. Mukula tuliuona ukipita. Karibu na mwaka wa 2016 magari yaliubeba kwa magogo mazima kwenda kuuzwa Uchina, bila kupita hata mara moja mu atelye ya mtoto wa Katanga. Vumbi lake jekundu lingepaswa kubaki kwetu.

Na kiungo? Kile kilichomzuia Newberry mwaka wa 1808 kinatuzuia sisi kila lama inapokatika, kwa maana lama ya kuagiza nje ni ghali na wengi wananunua ruba kwa roli na kuunga wenyewe. Ncha mbili zinapigwa tupa kwa mshazari, karibu sentimita 1, mpaka zikilaliana ziwe na unene wa lama moja. Migongo inaegemezwa juu ya chuma kilichonyooka. Migongo isiponyooka, lama itayumba milele. Nafasi ya meno pale kiungoni iwe sawa na penginepo. Boraksi, kipande chembamba cha fedha ya kuungia, moto mpaka rangi ya damu ya mzee, halafu kupoa polepole. Anayemwagia maji anatengeneza kioo. Kisha tupa tena, pande zote mbili. Ikiwa umeacha kiungo kinene, mashini itakuambia: lama ya mita 3 na nusu inapita mara 4 na zaidi kwa sekunde, na utasikia ta-ta-ta-ta mu gidi. Fundi anayesikia sauti hiyo na kuendelea kukata, siku hiyohiyo ataona lama ikiruka. Ikiruka, zima, rudi nyuma, na usifungue mlango mpaka volani zote mbili zisimame kabisa. Ya juu haina breki na inazunguka muda mrefu kuliko unavyodhani.

Milango hiyo, ndugu msomaji, mu parseli nyingi haiko. Wanasema inachelewesha kubadilisha lama. Mbao mbili za kontreplake na bawaba nne, kazi ya nusu siku kwa mtu ambaye kazi yake ni kutengeneza milango ya watu wengine! Na gidi ya juu inaachwa juu kabisa siku nzima, lama yote wazi, wakati ilipaswa kushushwa mpaka kama sentimita 1 juu ya mbao. Ku Panda mwanafunzi aliyeacha gidi juu asingebaki ku mashini. Hapa mtoto wa miaka 14 anasukuma kipande kidogo kwa kidole gumba, na kijiti cha kusukumia kiko chini, kimekanyagwa mu vumbi. Wazee waliotoka kazini mu 2004 wanazidi kupungua, na ukiuliza mu atelye ni nani aliyewahi kuona mashini ikiwekwa kuanzia volani mpaka meza, mara nyingi wanamwonyesha mtu mmoja tu, naye anakaa ku kiti.

Jioni, kabla ya kufunga, lama inalegezwa. Ikiachwa imekazwa usiku kucha, mpira wa volani unapata shimo pale inapolala na asubuhi mashini inaruka. Lama isiyotumika inakunjwa mu duara tatu kwa mkunjo mmoja wa mikono, mguu ukiikanyaga chini, jambo ambalo watoto wa mtaani wanakuja kulitazama kama mazingaombwe. Na ile iliyokwisha kabisa haitupwi. Kipande kimoja kinaingia mu fremu ya mbao na kuwa sii ya mkono, kingine kinanolewa upande wa mgongo na kuwa kisu cha kukatia sombe, na vipande vifupi, vilivyopigwa tupa mpaka viwe na ukingo mkali, vinachukuliwa na wachonga sanamu kwa kulainishia uso wa mti pale tezo ilipopita.